Malighafi mbadala za kitanda cha mashine

Malighafi mbadala za kitanda cha mashine ni vitu vinavyotumika badala ya chuma cha kusubu kutengeneza kitanda, yaani mwili mzito unaobeba sehemu nyingine zote za mashine ya karakana. Mashine hizo ni kama kerezo, mashine ya milingi, mashine ya kutoboa na grinda ya usahihi. Malighafi mbadala zinazojulikana zaidi ni zege la saruji, zege la epoksi (mchanganyiko wa kokoto za graniti na gundi ya epoksi), jiwe la graniti lenyewe, na feleji iliyochomelewa kisha kujazwa mchanga au zege.

Kwa zaidi ya miaka mia moja kitanda cha kawaida kimekuwa cha chuma cha kusubu. Hata hivyo zege la epoksi limeingia katika viwanda vingi vya Ulaya tangu miaka ya 1970, na zege la saruji limewavutia mafundi wanaojitengenezea mashine wenyewe, kwa kuwa halihitaji tanuri la kuyeyushia chuma.

## Kazi ya kitanda

Kitanda hakikati chuma, lakini usahihi wa mashine yote unakitegemea. Kisu cha kerezo kinaposukuma kazi, nguvu hiyo hupita kwenye kishikio cha kisu, behewa na reli hadi kitandani, kisha hurudi kupitia kichwa cha mashine na kazi yenyewe. Mzunguko huo ukinyumbuka hata kidogo, kisu husogea mbali na mahali kilipopangwa. Kwa sababu hiyo kitanda hupimwa kwa mambo manne:

- Ukakamavu: kisipinde kinapobebeshwa mzigo wa kukata.
- Kufifisha mtetemo: mtetemo ukianza uzimike haraka. Usipozimika, mashine hulia, uso wa kazi huwa na mawimbi, na ncha ya kisu huvunjika.
- Uthabiti wa joto: kisibadilishe urefu wala umbo haraka joto la karakana au la mota linapopanda.
- Uthabiti wa umbo kwa miaka: reli zilizonyooka siku ya kwanza ziendelee kunyooka.

Nguvu ya kuhimili kuvunjika huja baada ya hayo. Kitanda chenye ukakamavu wa kutosha huwa tayari kina nguvu nyingi kuliko zinazohitajika kwa kazi ya kawaida. Ndiyo maana vitu dhaifu kama zege vinaweza kufikiriwa kwa kazi hii: swali la kwanza ni kitanda kitapinda kiasi gani, na si kitavunjika lini.

## Chuma cha kusubu

Chuma cha kusubu cha rangi ya kijivu kina vipande vidogo vya grafiti ndani yake. Vipande hivyo hukifanya kiwe rahisi kukatwa na hufifisha mtetemo vizuri kuliko feleji. Reli zinaweza kuchongwa juu ya kitanda chenyewe, na grafiti husaidia kupunguza msuguano. Kalibu moja ya mbao huweza kutumika kutoa vitanda vingi vinavyofanana.

Udhaifu wake upo katika utengenezaji. Chuma humiminwa kikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 1,200 za selsiasi. Kinapopoa, kuta nyembamba huganda kabla ya zile nene, na tofauti hiyo huacha mikazo iliyofungwa ndani. Kitanda kikichongwa mapema mno, mikazo hiyo huachiliwa taratibu na reli hupinda. Zamani viwanda viliacha vitanda nje kwa miezi kadhaa ili "vitulie" kabla ya kuchongwa. Siku hizi hupashwa tena katika tanuri kwa joto la nyuzi 500 hadi 600 na kupozwa polepole. Yote hayo yanahitaji kiwanda cha kusubu, nishati nyingi na mashine kubwa ya kuchonga reli. Hapo ndipo ugumu ulipo kwa karakana ndogo: ili kutengeneza mashine, inabidi kuwe na mashine kubwa zaidi.

## Historia

Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia mahitaji ya makombora ya mizinga yalizidi uwezo wa viwanda vya kutengeneza kerezo. Mhandisi Mmarekani Lucien Yeomans wa Chicago alijibu tatizo hilo kwa kutengeneza kerezo kubwa zenye mwili wa zege. Badala ya kusubiri vitanda vya chuma vitoke kiwandani na kuchongwa, mwili ulimiminwa kwa saruji, na chuma kikatumika katika sehemu chache zilizokihitaji kweli. Baada ya vita haraka ile iliisha, na viwanda vikarudi kwenye chuma cha kusubu.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilileta hatua nyingine. Huko Dayton, Ohio, upungufu wa chuma uliwafanya mafundi wajaribu meza za kupimia zilizochongwa kwa jiwe la graniti. Jaribio hilo la dharura lilidumu: leo meza za graniti hupatikana karibu katika kila chumba cha vipimo, na mashine nyingi za kupima vipande kwa mihimili mitatu zina kitanda cha graniti.

Katika miaka ya 1970 kampuni ya Studer ya Uswisi, inayotengeneza grinda za usahihi, ilianza kumimina vitanda kwa mchanganyiko wa mawe na epoksi na kuuita Granitan. Grinda huharibiwa kazi yake na mtetemo mdogo sana, hivyo ilikuwa mahali pazuri pa kuanzia. Watengenezaji wengine wa Ulaya walifuata kwa majina yao wenyewe ya biashara.

Mwanzoni mwa karne ya 21 wazo la Yeomans lilirudishwa na mradi wa Multimachine ulioanzishwa na Pat Delany wa Texas, Marekani. Mradi huo ulieneza bila malipo michoro ya mashine zinazoweza kujengwa kwa bloku za injini chakavu, na baadaye kerezo za zege, ukilenga hasa karakana za nchi zisizo na viwanda vingi vya chuma.

## Ulinganisho wa malighafi

Thamani zifuatazo ni za kukadiria. Hutofautiana kulingana na aina na utengenezaji.

| Malighafi | Msongamano (kg kwa lita) | Moduli ya unyumbufu (GPa) | Kutanuka kwa mita 1 kwa nyuzi 1 (mikromita) |
|---|---|---|---|
| Chuma cha kusubu | 7.2 | 80–130 | 10–11 |
| Feleji | 7.85 | 200–210 | 11–12 |
| Graniti | 2.6–3.0 | 40–80 | 5–8 |
| Zege la epoksi | 2.1–2.4 | 30–45 | 12–20 |
| Zege la saruji | 2.4 | 25–40 | 10–12 |

### Ukakamavu

Jedwali linaonyesha kwamba zege la epoksi lina ukakamavu wa takriban theluthi moja ya chuma cha kusubu. Lakini uzito wake nao ni takriban theluthi moja. Chuma chenye moduli ya GPa 110 na msongamano wa 7.2 hutoa uwiano wa karibu 15; zege la epoksi lenye GPa 35 na msongamano wa 2.3 hutoa pia karibu 15. Maana yake ni kwamba kwa uzito uleule mtengenezaji anaweza kuweka kuta nene mara tatu.

Unene huo una faida yake. Ukuta bapa unaopindwa hupata ukakamavu kwa kipeo cha tatu cha unene: ukuta ulionenepa mara 3 huwa mkakamavu mara 27 kwa umbo, na hata moduli ikipungua mara 3 hubaki na ukakamavu mara 9 wa ule wa mwanzo. Kwa hiyo kitanda cha zege hakipaswi kunakili umbo la kitanda cha chuma chenye kuta nyembamba na mbavu. Kinapaswa kuwa kinene, chenye pembe za mviringo na umbo rahisi. Miradi mingi ya kujitengenezea huharibika hapa: mchoro wa chuma humiminwa kwa zege bila kubadilishwa, na mashine inayopatikana hutikisika kuliko ile iliyonakiliwa.

### Mtetemo

Vipimo vya maabara huonyesha kwamba zege la epoksi hufifisha mtetemo mara 6 hadi 10 zaidi ya chuma cha kusubu. Gundi iliyo kati ya mawe hugeuza nguvu ya mtetemo kuwa joto dogo. Zege la saruji na graniti nazo hukizidi chuma, ingawa kwa kiasi kidogo zaidi.

Takwimu hizo ni za malighafi pekee. Katika mashine iliyokamilika, sehemu kubwa ya mtetemo huzimwa kwenye maungio: bolti, reli, beringi na tabaka za mafuta. Kwa hiyo kubadilisha kitanda peke yake hakuifanyi mashine yote iwe tulivu mara 10. Kama kichwa cha mashine kimelegea, kitanda kizuri hakitakiponya.

### Joto

Zege la epoksi hutanuka kidogo kuliko au zaidi ya chuma kutegemea mchanganyiko, lakini mara nyingi zaidi. Faida yake ni kwamba hupitisha joto polepole: takriban wati 1 hadi 3 kwa mita kwa kila nyuzi, wakati chuma cha kusubu hupitisha karibu wati 50. Mlango wa karakana ukifunguliwa asubuhi na jua likapiga upande mmoja wa mashine, kitanda cha zege hakibadiliki upesi.

Upole huo una hasara pia. Joto la mota au la beringi likiingia kitandani hukaa mahali pamoja, upande mmoja hutanuka kuliko mwingine, na kitanda hupinda. Viwanda huweka mabomba ya maji au mafuta ndani ya zege wakati wa kumimina ili kuondoa joto hilo.

## Zege la epoksi

Mchanganyiko wa kawaida huwa na mawe kwa asilimia 90 hadi 93 ya uzito, na epoksi pamoja na kigandishi chake kwa sehemu iliyobaki. Kwa mfano, kilo 100 zenye kilo 8 za epoksi zina lita 7 hivi za gundi na lita 35 hivi za mawe. Kwa ujazo basi gundi ni karibu asilimia 17.

Siri ya mchanganyiko ni ukubwa wa mawe. Kokoto za ukubwa mmoja huacha nafasi nyingi, na nafasi hizo zikijazwa epoksi kitanda huwa ghali na laini, kwa kuwa epoksi tupu ina moduli ya GPa 3 tu au karibu na hapo. Kwa hiyo huchanganywa kokoto, mchanga mnene, mchanga laini na unga wa mawe, kila kundi likijaza nafasi za kundi kubwa zaidi. Jiwe kubwa kuliko yote lisizidi moja ya tano ya unene wa ukuta mwembamba.

Hatua kuu za kazi ni hizi:

1. Mawe huoshwa na kukaushwa kabisa. Vumbi na unyevu huzuia gundi kushika.
2. Kalibu ya feleji, alumini au mbao hupakwa nta ili kitanda kisigande ndani yake.
3. Sehemu za chuma, kama vipande vyenye nyuzi za bolti, hufungwa mahali pake ndani ya kalibu.
4. Epoksi na kigandishi huchanganywa kwa vipimo vilivyotajwa na mtengenezaji wake, kisha mawe huongezwa.
5. Mchanganyiko humiminwa huku kalibu ikitikiswa ili hewa itoke na mawe yajipange.
6. Kitanda huachwa kigande bila kupashwa moto mkali, na hutolewa kwa kawaida baada ya siku moja au zaidi.

Kwa kuwa epoksi husinyaa kidogo sana, uso wa usahihi unaweza kupatikana bila kuchonga. Tabaka jembamba la epoksi humiminwa kati ya kitanda kilichoganda na rula kuu iliyonyooka, na uso mpya hunakili unyoofu wa rula hiyo. Viwanda hufikia takriban mikromita 10 kwa mita moja kwa njia hii. Reli za feleji ngumu kisha hufungwa kwa bolti juu ya uso huo.

Udhaifu wa epoksi ni joto na mzigo wa kudumu. Aina nyingi zinazoganda katika joto la kawaida huanza kulegea zikifikia nyuzi 50 hadi 80. Pia bolti iliyokazwa sana juu ya gundi tupu huzama polepole na kulegea. Ndiyo maana bolti hazikazwi kwenye gundi yenyewe bali kwenye vipande vya chuma vyenye nanga vilivyozikwa ndani ya mchanganyiko.

## Zege la saruji

Zege la saruji ni rahisi zaidi, na hutanuka kwa joto karibu sawa na feleji. Sifa hiyohiyo ndiyo inayowezesha nondo kukaa ndani ya zege la majengo bila kulipasua. Tatizo lake kubwa ni kusinyaa. Linapokauka, zege la kawaida hufupika kwa mikromita mia kadhaa kwa kila mita, na hali hiyo huendelea kwa miezi. Kwa jengo hilo ni jambo dogo. Kwa kerezo inayotakiwa kukata kwa usahihi wa mikromita 20 ni kosa kubwa sana.

Njia zinazotumika kupunguza tatizo hilo ni:

- Kutumia maji machache iwezekanavyo, na kuongeza kilainishi cha zege badala ya maji.
- Kuliweka zege likiwa na unyevu kwa siku 28 kabla ya kupanga reli.
- Kuziba uso wote kwa rangi ya epoksi ili unyevu usiingie wala kutoka, na ili mafuta na maji ya kupozea yasipenye.
- Kuweka nondo, au vyuma vinavyokazwa baada ya zege kukomaa ili libanwe daima. Zege huhimili kubanwa vizuri lakini hukatika haraka likivutwa.
- Kupanga reli mwishoni kabisa, kwa pima maji ya usahihi na rojo ya epoksi, na kuacha bolti za kurekebishia ili reli ziweze kunyooshwa tena.

Aina za kisasa za zege lenye nguvu ya juu sana husinyaa kidogo zaidi na zimeanza kutumika katika vitanda vya viwandani.

## Graniti na feleji iliyojazwa

Graniti imekaa ardhini mamilioni ya miaka, hivyo haina mikazo mipya ya kuachilia. Haipati kutu, na ikigongwa humeguka bila kuacha kivimbe kinachoinua kipimo. Lakini haiwezi kumiminwa: kila umbo lazima likatwe na kusagwa, na bolti hushikwa na vipande vya feleji vilivyogandishwa kwenye matundu. Huchaguliwa hasa kwa mashine za kupimia na za kutoboa saketi za elektroniki, ambako nguvu za kukata ni ndogo.

Feleji iliyochomelewa inafaa pale mashine moja tu inapohitajika, kwa kuwa hakuna kalibu ya kulipia. Peke yake hulia kama kengele. Ikijazwa zege au mchanga mkavu ulioshindiliwa, mtetemo hupungua sana. Kama ilivyo kwa chuma cha kusubu, uchomeleaji huacha mikazo ndani, na fremu inapaswa kupashwa moto tanuri na kupozwa polepole kabla ya reli kuchongwa.

## Usalama

Kukata au kusaga graniti, mchanga na zege hutoa vumbi la silika. Vumbi hilo likivutwa kwa muda mrefu husababisha silikosisi, ugonjwa wa mapafu usio na tiba. Kazi hiyo ifanywe kwa maji au kwa kifyonza vumbi, na fundi avae barakoa ya kuzuia vumbi laini. Kitambaa cha kufunga puani hakitoshi.

Epoksi na vigandishi vyake huweza kusababisha mzio wa ngozi, na mtu akishapata mzio huo mara nyingi hubaki nao maisha yake yote. Glavu zisizopenyeka na hewa ya kutosha ni lazima. Epoksi nyingi ikiachwa katika ndoo moja hupata moto yenyewe inapoganda, na inaweza kutoa moshi. Saruji mbichi nayo huunguza ngozi.

Kuna pia hatari ya mashine yenyewe. Sehemu inayozunguka kwa kasi, kama kichwa cha kerezo, isitegemee zege linalovutwa. Beringi zake zishikwe na chuma kilichofungwa kwa bolti zinazopita hadi upande wa pili.

## Afrika Mashariki

Karakana nyingi za eneo hili hutegemea kerezo na mashine za milingi zilizoagizwa kutoka nje, nyingi zikiwa zimetumika. Nchini Tanzania kiwanda cha KMTC kilijengwa Hai, mkoani Kilimanjaro, katika miaka ya 1980 kwa lengo la kutengeneza mashine za karakana ndani ya nchi.

Saruji, nondo, mchanga na kokoto hupatikana karibu kila mji, na maeneo kama Mwanza yana graniti nyingi. Epoksi huagizwa kutoka nje, na ndiyo sehemu ghali ya mchanganyiko. Kwa fundi anayejenga mashine moja, njia inayofikika ni mwili wa zege la saruji lililokomaa na kuzibwa, reli za feleji zilizonunuliwa zikiwa tayari zimesagwa, na tabaka jembamba la epoksi chini ya reli pekee. Matumizi mengine ni kumimina zege ndani ya kitako chepesi cha mashine ya zamani, au kulifunga kitako hicho juu ya bloku nzito ya zege. Kazi hiyo hupunguza mtetemo kwa gharama ndogo bila kugusa reli za awali.

Zege halimwondolei fundi haja ya vipimo. Rula iliyonyooka, pima maji ya usahihi na saa ya kupimia ndivyo vinavyoamua kama kitanda kimekuwa cha mashine au kimebaki kuwa bloku ya zege.